Raha ya kuwatazama madogo wa besiboli kambini mwezi wa tatu (Arizona na Florida)

Mlinzi wa Zamu (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam,

Najua besiboli haina wateja wengi humu jukwaani. Wachache tuliopo ni wale tuliotua Marekani, tukakuta watu kazini hawana habari nyingine, tukajifunza ili tupate cha kuongea nao wakati wa chakula. Mimi nilianza hivyo, sasa mchezo umeniingia damuni. Ila sehemu ninayoipenda kuliko zote si fainali za Oktoba. Ni mwezi wa tatu, kambini.

Kwa wasiojua: katikati ya Februari timu zote 30 za ligi kuu hukimbia baridi. 15 huja huku kwetu, pembezoni mwa Phoenix, Arizona, na 15 huenda Florida. Wanatangulia warushaji na wadakaji, siku chache baadaye wanafuata wengine, halafu zinapigwa mechi za kirafiki karibu kila siku hadi Machi inaelekea ukingoni. Za Arizona huitwa Ligi ya Cactus, za Florida Ligi ya Grapefruit. Ligi jina tu. Hakuna kombe wala pointi, na ukimuuliza shabiki mwezi wa sita nani aliongoza Machi atakutazama kama umechanganyikiwa.

Wengi hukata tiketi wakamwone staa. Staa mwenyewe anacheza awamu tatu au nne kati ya tisa, anatoka, anaoga, anaondoka zake. Mashabiki nao wanaanza kukunja virago. Hapo ndipo mimi nasogea viti vya mbele, maana kuanzia awamu ya tano au ya sita wanaingia madogo. Utawajua kwa namba: 78, 86, 91. Namba za chini zina wenyewe, wenye mikataba. Mtoto wa kualikwa hupewa iliyobaki stoo. Aaron Judge wa Yankees ile 99 yake alipewa hivyo hivyo kambini, na moyoni alikuwa anatamani nyingine. Agosti 2016 akapandishwa, mara yake ya kwanza kushika gongo ligi kuu akavusha mpira nje ya ukuta. Mwaka uliofuata akavusha mara 52. Namba hajaibadilisha hadi leo.

Sasa utamu wenyewe hauko uwanja mkubwa, uko viwanja vya nyuma. Kila kambi ina uwanja mmoja wa tiketi, na nyuma yake kuna vingine kadhaa vya mazoezi, vimepangwa kama karafuu inayoanikwa, kila kimoja kwenye mkeka wake. Machi ndiko wanakocheza wa madaraja ya chini. Kambi nyingi bado hawatozi kiingilio. Hakuna ubao wa matokeo wala mtangazaji. Kuna mabenchi ya bati, na waliokaa hapo ni maskauti (wasaka vipaji wa timu) wenye vipima kasi, wazazi waliosafiri kutoka majimbo ya mbali, na wazee wenye madaftari ambao wamekuwa wakifanya hivi tangu sijazaliwa. Ukisimama katikati ya viwanja viwili unaweza kufuata mechi mbili kwa kugeuza shingo.

Hata sheria huko zinalegezwa. Mrushaji akishamaliza idadi ya mipira aliyopangiwa, kocha anapaza sauti kwamba awamu imekwisha, hata kama wapigaji watatu hawajatolewa, na wote wanabadilishana bila kinyongo. Mpigaji anayerudi kutoka kwenye majeraha anaweza kufungua kila awamu, apige mara nyingi kadiri inavyohitajika. Mgeni ataona vurugu. Ukikaa kidogo unagundua kila mmoja pale ana kazi yake ya siku hiyo, na kushinda mechi hakumo.

Ndiyo maana nasema usitazame matokeo. Mrushaji anaweza kutupa mpira wa kuzuga mara nne mfululizo, ule unaotoka mkononi kama wa kasi halafu unafika umechelewa, kwa sababu tu kaagizwa aufanyie kazi. Atapigwa vibaya sana, na kocha wake atampongeza. Hewa ya jangwani nayo kavu, mpira wa kupinda haupindi vizuri kama unavyopinda kwingine. Kwa hiyo mimi naangalia miguu ya mrushaji inapotua, kama inatua palepale kila mara. Naangalia mpigaji anafanya nini na mpira ambao hakuupiga: aliuacha kwa makusudi, au aliganda? Naangalia mlinzi wa kati ya besi (vituo anavyokimbilia mpigaji) ya pili na ya tatu akikosea, mpira unaofuata ataungoja au ataukimbilia.

Na kuna jambo lingine linalonigusa mimi kama mhamiaji. Wengi wa hawa watoto wametoka Jamhuri ya Dominika na Venezuela, walisaini wakiwa na miaka 16 au 17. Utamwona kijana kocha anamweleza jambo refu kwa Kiingereza, yeye anaitikia kwa kichwa kila sentensi, halafu kocha akigeuka tu anamkimbilia mwenzake anayejua lugha zote mbili: "Kasema nini?" Wakuu, kile kichwa cha kuitikia nakijua. Nimekitumia sana.

Raha yangu ni kwamba hukumu ya hawa watu haijatoka. Kwenye viwanja vile yule atakayekuwa milionea na yule atakayerudi kuuza magari kwao wamevaa jezi moja, na siku ile, saa ile, hakuna anayejua nani ni nani. Maskauti wanajaribu. Wana vigezo vitano: kupiga, nguvu, mbio, mkono na kudaka. Kila kimoja wanakipa alama kuanzia 20 hadi 80, ambapo 50 ni wastani wa ligi kuu. Mnasema nini wakuu, kuna mwenzangu?

---

Toto la Temeke

Mkuu umeandika vizuri ila mimi mchezo wenyewe sijawahi kuuona zaidi ya pale Azania wanafunzi wakicheza, Wajapani ndio waliwajengea uwanja. Kwa hiyo hiyo kambi ni kama Simba Day au Wiki ya Mwananchi? Kwamba unaonyeshwa usajili mpya?

---

Mlinzi wa Zamu

@Toto la Temeke hapana mkuu. Simba Day ni sherehe, mchezaji keshasajiliwa na wimbo kashaimbiwa. Huku wanaoingia kambini ni wengi mno kuliko nafasi. Timu ya ligi kuu ina orodha ya wachezaji 40 walio chini ya mkataba wa ligi kuu, na siku ya ufunguzi wanaovaa jezi ni 26 tu. Juu ya hao 40 kuna waalikwa ambao hawamo hata kwenye orodha. Kila siku chache linatoka tangazo: fulani na fulani wameshushwa. Unaweza kumtazama mtu Jumatatu amepiga vizuri, Jumatano kabati lake jeupe.

---

Mtaalamu Uchwara

Uzi mzuri lakini acheni kujidanganya. Machi ni mwezi wa uongo.

Mwaka 1978 jarida la michezo kubwa kuliko yote Marekani liliweka picha ya Clint Hurdle wa Kansas City Royals kwenye jalada, mwezi huo huo wa tatu, likamtangaza kuwa ndiye chipukizi wa mwaka. Kijana wa miaka 20. Alimaliza kazi yake ya uchezaji na mipira 32 ya kuvusha ukuta. Si ya mwaka huo. Ya maisha yake yote.

Mwingine Jordan Walker wa Cardinals, 2023, miaka 20. Aling'ara kambini, akaanza msimu na timu kubwa, akapata angalau pigo moja safi, lile linalomfikisha mpigaji kwenye besi, katika kila moja ya mechi zake 12 za mwanzo. Kabla Aprili haijaisha wakamshusha Memphis, timu yao ya daraja la chini. Jackson Holliday wa Orioles, namba moja wa drafti (siku timu zinapochagua vijana wapya kwa zamu) ya 2022, 2024 wote tuliimba jina lake. Alipopandishwa Aprili alipata mapigo mawili katika majaribio 34. Akarudishwa.

Na mwaka 1985 jarida lile lile lilichapisha habari ya mrushaji mpya kwenye kambi ya Mets anayetupa mpira kwa kasi ya maili 168 kwa saa, yaani karibu kilomita 270. Watu waliamini! Lilikuwa toleo la Aprili mosi. Watu waliamini kwa sababu mashabiki wa Machi huamini chochote.

---

Mlinzi wa Zamu

@Mtaalamu Uchwara kwa Hurdle hujakosea, ila mbona umeishia njiani? Yule yule ndiye kocha aliyeipeleka Colorado Rockies kwenye World Series, fainali ya ligi kuu, mwaka 2007. Mchezo haukumtupa.

Halafu nami nikupe mmoja. Albert Pujols, drafti ya 1999, timu zote zilimpita hadi raundi ya 13. Mwaka 2000 karibu wote aliucheza daraja la A, mbali sana chini ya ligi kuu. Machi 2001 akaingia kambi ya Cardinals kule Jupiter, Florida, mpango ukiwa arudishwe chini. Kila walipomweka alicheza: besi ya kwanza, ya tatu, nje kabisa kwenye nyasi. Hawakupata sababu ya kumrudisha, na Bobby Bonilla alipoumia mguu nafasi ikafunguka. Mwaka huo alivusha 37, akachukua tuzo ya chipukizi bora bila kupingwa, na alipostaafu 2022 alikuwa na 703. Waliokaa kwenye viti vya Jupiter ile Machi waliona nini? Waliona dogo mwenye mwili mkubwa asiye na haraka na mpira mbaya. Ndicho ninachokisema: takwimu za Machi ni uongo, namna ya kusimama si uongo.

---

Mtaalamu Uchwara

Umechagua mmoja kati ya maelfu lakini sawa.

---

Mama Wawili

Jamani na sisi wa Florida tupo! Mwenzetu wa Arizona anajisifu kwa sababu viwanja vyao vyote kumi viko bonde moja, saa moja ya gari umefika popote. Huku Florida Fort Myers iko pwani ya magharibi, Jupiter mashariki, katikati barabara haiishi na mvua inakunyeshea bila taarifa. Lakini huku kuna historia. Detroit Tigers wanakuja Lakeland tangu 1934. Uwanja wa Pirates pale Bradenton ni wa 1923.

Na mimi niongeze habari ya chipukizi ambaye watu humsahau alikuwa chipukizi, kwa kuwa alikuwa na miaka 27. Jackie Robinson. Machi 1946 Dodgers walimleta Florida akiwa na timu yao ya chini, Montreal Royals. Watu weusi hawakuruhusiwa ligi kuu wala kwenye hoteli waliyolala wenzake. Sanford walimtisha hadi ikabidi aondolewe mjini. Jacksonville mamlaka za mji zilifunga lango la uwanja kwa kufuli ili mechi isichezwe. Daytona Beach ndio waliokubali, na tarehe 17 Machi 1946 akacheza pale dhidi ya Dodgers wenyewe. Uwanja ule bado upo na unaitwa kwa jina lake. Nilipompeleka mwanangu nilimwambia akae kimya kidogo aangalie, akaniuliza kama kuna aiskrimu.

Miaka miwili baada ya hapo Dodgers wakahamishia kambi Vero Beach, kwenye kambi ya zamani ya jeshi la wanamaji, wakatumia mabweni ya wanajeshi hao ili wachezaji wote walale na kula mahali pamoja. Walikaa hapo hadi 2008, sasa wako kwako huko Glendale.

---

Mlinzi wa Zamu

@Mama Wawili asante dada yangu. Ya kufuli la Jacksonville imeniumiza. Na ya aiskrimu imenipoza.

---

Bweni la Lugazi

Naandika kutoka Uganda, Kiswahili changu mnisamehe. Nyinyi mnazungumza Wadominika, mimi nawaambia watu wa kwetu wako kambini.

Mwaka 2011 watoto wa Kampala walifuzu kwenda mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, Pennsylvania. Walinyimwa viza. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi wakafuzu tena na wakafika, timu ya kwanza kutoka Afrika. 2015 wengine wakarudi. Kutoka hapo mpira ulianza kukaa.

2022 Dodgers walisaini vijana wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Pirates nao wamemsaini mrushaji wetu David Matoma, ambaye mkono wake ni moto. Pirates ni ile ile timu ya Bradenton aliyoitaja mama hapo juu. Kwa hiyo mwezi wa tatu mimi siangalii mastaa wala siangalii namba, natafuta video ya simu ya mtu yeyote aliyesimama kando ya uzio. Mara nyingi picha inatikisika. Naangalia hivyo hivyo.

Na msisahau Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Alisaini na Pirates 2008. Alipita kambi baada ya kambi, Machi baada ya Machi, akishushwa kila mara. Tarehe 26 Aprili 2017 wakampandisha, Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa barani kucheza ligi kuu. Mara ya kwanza kushika gongo, mrushaji alikuwa Jon Lester wa Cubs, mabingwa wa dunia wakati ule. Alipata pigo safi.

---

Toto la Temeke

Karibu miaka tisa unashushwa tu?? Mimi ningerudi nyumbani mwaka wa pili.

---

Mhasibu wa Mtaa

Mnaongea mapenzi, mimi nilete hesabu, maana bila hesabu hamtaelewa kwa nini dogo mzuri anashushwa.

Mchezaji akifikisha miaka sita ya utumishi ligi kuu anakuwa huru kwenda anakotaka. Mwaka mmoja wa utumishi unahesabiwa siku 172. Machi 2015 Kris Bryant wa Cubs alivusha mipira 9 kambini, hakuna aliyemfikia, na wastani wake ulikuwa .425, yaani mapigo safi zaidi ya manne katika kila majaribio kumi. Wakamshusha Iowa, timu yao ya daraja la chini, wakasema anahitaji kuboresha ulinzi. Tarehe 17 Aprili akapandishwa. Mwisho wa mwaka akawa na siku 171. Pungufu moja. Timu ikapata mwaka mzima wa ziada wa kummiliki, na mwaka ule ule akashinda tuzo ya chipukizi bora. Alilalamika rasmi, mwaka 2020 akashindwa. Mkataba mpya wa 2022 umejaribu kurekebisha: timu ikimwanzisha chipukizi mkubwa msimu mzima na akashinda tuzo, inazawadiwa chaguo la ziada la drafti. Mariners walilipata kwa Julio Rodríguez.

Na mishahara. Ligi kuu kima cha chini mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Hao madogo wa viwanja vya nyuma, mkataba wao wa kwanza wa chama cha wafanyakazi ulipatikana 2023, na kima cha chini cha daraja la kambini kikawa dola 19,800 kwa mwaka. Kabla ya hapo wengi Machi nzima walikuwa hawalipwi mshahara. Walifungua kesi, ligi ikakubali kulipa dola milioni 185. Kwa hiyo Mlinzi wa Zamu unapokaa kwenye benchi lako la bure ukafurahia, ujue hapo zamani na wao walikuwa bure.

---

Mlinzi wa Zamu

@Mhasibu wa Mtaa sibishani. Na hainipunguzii hamu, inaniongezea. Ukishajua hilo pengo kati ya 19,800 na 760,000, unaelewa kwa nini mtu anakimbia kama anafukuzwa kwenda besi ya kwanza kwenye mechi isiyo na matokeo, saa nne asubuhi, mbele ya watu ishirini.

Nisisahau kuwaambia, tangu 2024 wameanzisha mechi maalumu katikati ya Machi, chipukizi wa timu moja dhidi ya chipukizi wa nyingine, uwanja mkubwa, mataa, kila kitu. Mara ya kwanza Paul Skenes alikuwemo, namba moja wa drafti ya 2023. Pirates walimshusha Machi ile ile. Mei akapanda, Julai akaanza mechi ya nyota wote, mwisho wa mwaka akachukua tuzo ya chipukizi bora. Naipenda mechi hiyo, ila naiona imepigwa pasi mno. Watoto wanajua wanatazamwa.

Kitu kingine kilichonichekesha: Machi 2025 walijaribu mfumo wa kompyuta wa kukata rufaa dhidi ya mwamuzi. Mchezaji anagusa kofia, kompyuta inaonyesha kama mpira ulipita eneo halali. Wakongwe walikuwa wanasitasita, wengine wanagusa kofia kwa hasira wakati mpira umepita katikati kabisa. Madogo wametulia, maana huko daraja la AAA, lililo hatua moja chini ya ligi kuu, wameutumia tangu 2023. Siku moja nimemwona mkongwe anamuuliza dogo namba tisini na kitu kwa ishara ya macho, "niguse?", dogo anatikisa kichwa.

---

Mama Wawili

😂😂 Wa kwangu walipoteza rufaa zote mbili awamu ya pili.

---

Mtaalamu Uchwara

Haya, nina likizo Machi na nina shemeji yangu Tempe. Nikija nianzie wapi, bila kulipa hela ya maana?

---

Mlinzi wa Zamu

@Mtaalamu Uchwara nilijua tu 😄. Anza Salt River Fields, wanakaa Diamondbacks na Rockies, ama Camelback Ranch ya Dodgers na White Sox, kambi moja timu mbili, mafuta ya gari unabana. Fika saa tatu asubuhi, mazoezi yanaanza mapema. Uliza mlinzi getini viwanja gani viko wazi siku hiyo, hubadilika. Ukitaka mechi kubwa usinunue kiti. Nunua nyasi, ule mteremko nyuma ya walinzi wa nje, ndio bei ya chini. Leta kofia na maji, hili jua halina undugu. Kaa upande wa mazoezi ya warushaji, unasimama hatua chache kutoka kwao, na mara ya kwanza mpira wa maili 98 ukipita karibu yako utarudi hapa kuomba radhi.

---

Toto la Temeke

Na sisi tulio Dar tunaona vipi? Saa ngapi?

---

Mlinzi wa Zamu

@Toto la Temeke Arizona haibadilishi saa, tupo nyuma yenu saa kumi mwaka mzima. Mechi nyingi za huku zinaanza saa saba na dakika tano mchana, kwako ni saa tano na dakika tano usiku. Madogo wanaingia kwenye saa saba usiku, kwa hiyo kama una kazi asubuhi fuata za Florida: zile za mchana kwako ni saa tatu usiku mwanzoni mwa Machi, na wakishasogeza saa zao mbele ni saa mbili. Si zote zinarushwa, na viwanja vya nyuma havirushwi kabisa. Hizo mwulize Bweni la Lugazi, ndiye mwenye video za uzioni.

---

Bweni la Lugazi

Nitaweka hapa nikizipata. Picha itatikisika.